Kumi Imekukosea Nini?

Kwa miaka yangu ya kwanza ya kukagua majani chai, wakulima walinichezea kamari na sikujua kwamba kete ni mimi. Nilijiona mtu wa haki. Nilisimama mbele ya foleni ya magunia pale kituoni, nikatazama mawingu kidogo ili nionekane sina mawazo, halafu nikasema, "Lete la saba." Baada ya hapo la kumi na tatu. Halafu, ili kuwachanganya kabisa, la ishirini na tatu. Kesho yake nikabadilisha mpango: nikaanza na kumi na saba. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba hakuna binadamu anayeweza kukisia kichwa changu. Akanijibu kwamba yeye hukikisia kila siku na hajawahi kukosa. Nikaona hayo ni mambo ya nyumbani, hayahusiani na kazi.

Kumbe wakulima walizijua namba zangu kabla sijazitamka. Mwenye majani mazuri alijipanga wa saba. Mwenye majani yaliyokomaa kama kabeji alijipanga wa kwanza, wa kumi, wa ishirini au wa mwisho kabisa, akakalia gunia lake ametulia kama mtu aliyeokoka jana. Wale wa katikati waliwekeana dau la chapati: leo ataanza na saba au na kumi na saba? Niliwaona wakicheka, nikadhani ni furaha ya mavuno.

Nawaandikia ninyi wakaguzi mnaovaa lile koti la kazi sasa. Langu nimerudisha, halina vifungo viwili, na yeyote aliyepewa aniwie radhi. Mtasema ninyi mna tableti inayochagua mkulima yenyewe. Ni kweli. Lakini jina likitokea kwa hiyo tableti, anayelitamka ni mtu, na watu watamtazama mtu. Kwa hivyo someni tu.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mkulima analeta majani kituoni. Kabla hayajaenda kwa mizani, unachagua baadhi ya magunia, unamwaga kwa meza ya wavu, unachukua konzi hapa na konzi pale, unatenganisha. Majani mawili na chipukizi upande huu. Yaliyokomaa na vijiti upande ule. Mabaya yakizidi, mwenye gunia anaketi chini na kuyachambua mbele ya watu. Akipatikana tena, gunia linarudi nyumbani. Kwa kiwanda chetu, mara ya tatu ndani ya msimu mmoja namba yake ya mkulima ilifungwa mpaka msimu uishe, na lori halikubeba majani yake tena. Huwezi kumwaga magunia yote, kwa sababu lori lina haraka na majani yakikaa yanaungua. Kwa hivyo unachagua machache. Hapo kwa kuchagua ndipo nilipopata vidonda vya tumbo.

Siku ya kwanza meneja aliniambia sentensi moja tu: "Chagua yoyote." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua kugawanya na kuzidisha, na hilo neno "yoyote" lilionekana dogo. Nikaelekeza kidole kwa gunia la kwanza nililoliona. Lilikuwa la mzee wa kanisa, tena wa kanisa letu. Akanitazama. Nikamwambia nilikuwa nasifu tu jinsi alivyolifunga.

Tangu hapo niliogopa kila asubuhi. Niliogopa kuchagua rafiki, nikaogopa kutomchagua. Nikichagua watu wawili wa mlango mmoja, niliruka haraka kwenda upande mwingine wa bonde ili isionekane ni chuki. Mwishowe nikalazwa hospitali ya Kapkatet kwa tumbo, na huko ndiko mbali zaidi nilikowahi kulala maishani mwangu. Daktari akaniambia, "Bwana Rotich, hii ni wasiwasi tu." Nikamwuliza, "Na kama si wasiwasi?" Akainama akaandika dawa.

Majani ya kabeji yalipozidi kiwandani, walimtuma Madam Chelang'at. Alikuwa mkubwa wa wakaguzi wote wa upande wetu, mama mfupi mwenye mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa, hata mvua ikinyesha. Alisimama nyuma yangu asubuhi nzima. Nilipomaliza, akawageukia watu wa foleni.

"Kila mtu afikirie namba moja, kuanzia moja mpaka kumi. Usimwambie jirani."

Watu wakafikiria. Wengine walifumba macho kana kwamba wanaombea chakula. Akaanza kuwauliza mmoja mmoja. Saba. Saba. Tatu. Saba. Nane. Saba. Kila aliyesema saba alimtazama aliyetangulia kama ameibiwa. Aliyesema moja hakuwepo, wala aliyesema kumi.

"Na wewe, Rotich?"

"Saba, Madam."

"Kumi imekukosea nini?"

Nilifikiri kwanza. "Kumi inakaa kama mtu ameipanga. Saba inakaa kama imejitokea tu."

"Na wenye kabeji wanajua hivyo," akasema. "Ndiyo maana wanajipanga wa kumi."

Foleni yote ikatazama chini, hasa aliyekuwa wa kumi.

Halafu alinifanyia jambo ambalo nimelirudia kwa kila kijana niliyemfundisha. Alimpa Makori, karani wetu wa mizani, sarafu. Akamwambia airushe mara nyingi, na kila ikianguka kichwa aweke jani changa kwa meza, ikianguka ngao aweke jani lililokomaa, yote kwa mstari. Mimi akaniambia niweke mstari wangu bila sarafu, niirushe tu kwa kichwa changu, niwe mwangalifu ufanane na wa kweli. Yeye akaenda nyuma ya banda na mwavuli wake.

Nilijitahidi sana. Niliweka changa, komavu, changa, changa, komavu. Nikiona mawili yamefanana mfululizo nilibadilisha upesi, nisije nikashikwa. Mstari wangu ulipendeza, ulikuwa kama shanga. Wa Makori ulikuwa aibu: majani machanga sita yamefuatana, halafu moja komavu, halafu mengine matatu machanga. Nikamwonea huruma kijana wa watu, sarafu yake ilikuwa mbovu.

Madam alirudi, hakuketi hata. Akanyoosha mwavuli kwa mstari wangu. "Huu ni wa uongo."

"Umejuaje?"

"Umeogopa kurudia. Bahati haiogopi."

Ndipo akatoa kwa mkoba wake mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaniambia nitafute vifuniko vya soda, kimoja kwa kila mkulima wa kituo, nikwaruze namba zao kwa msumari. Kila siku ya majani nitikise, nitazame kando, nitoe vifuniko sita. Jioni vyote virudi ndani. "Vyote," alisema tena. "Mkebe haukumbuki jana. Wewe ndiye unakumbuka, na hapo ndipo unaharibu."

Nilidhani watu watashangilia. Nilipochagua kwa kichwa, hakuna aliyelalamika hata siku moja, maana nilikuwa nawasambaza vizuri kama mbolea: leo wa juu, kesho wa chini, na aliyeitwa leo alipumzika wiki tatu. Mkebe ulipoanza, kelele zikaanza. Siku moja uliita ndugu wawili wa boma moja. Siku nyingine uliita wanne wa ng'ambo ya mto, na wa huku hakuna hata mmoja. Nikaambiwa nimenunuliwa. Mzee mmoja, ambaye nilijua kwa hakika majani yake yalikuwa kabeji zamani zile za saba na kumi na saba, aliniambia, "Rudisha ule mtindo wako wa haki, kijana." Tumbo langu likaanza upya.

Sasa niwaeleze kisa kilichonizeesha.

Jirani yangu wa ng'ambo ya ua ni Mama Kiprono. Alizaliwa Kisii, akaolewa hapa kwetu na Bett, mtu mwema aliyekufa akimwachia watoto wadogo na shamba la chai. Aliongea Kipsigis kutuzidi sisi wenyewe, lakini kukiwa na ugomvi aliitwa "yule wa Kisii", hata na watu aliowapikia kwa harusi zao. Mashemeji zake, wakiongozwa na mkubwa wao ambaye sote tulimwita Bett Mkubwa, walisema mwanamke peke yake hawezi shamba la chai, na kwamba lirudi kwa ukoo. Wazee waliwaambia wangoje: akishindwa, watazungumza. Kwa hivyo mashemeji walikaa wakingojea ashindwe, na kufungiwa namba ya mkulima ndiko kushindwa kunakoonekana na kila mtu.

Msimu huo mkebe ulimwita. Mvua ilikuwa nzuri, michai ilikuwa imekimbia mbele ya vidole vyake, na vibarua aliowapata walikuwa wanachuma ili gunia lijae tu. Nilimwaga. Mabaya yalizidi. Akaketi chini akachambua, na Bett Mkubwa akasimama karibu akimsaidia kwa macho.

Raundi iliyofuata ya kuchuma, mkebe ukamwita tena. Nilipokisoma kifuniko nilitaka kukimeza. Majani yalikuwa afadhali kidogo, lakini hayakufika. Gunia likarudi nyumbani kwa mgongo wake, na sote tunajua gunia hurudi likiwa zito kuliko lilivyokuja.

"Hata mkebe unamjua mgeni," Bett Mkubwa akasema. Watu wakacheka, wengine kwa sababu ilichekesha na wengine kwa kuogopa kutocheka.

Jioni yake Mama Kiprono alikuja kwa ua wa michongoma.

"Jirani, habari ya tumbo?"

"Linasumbua tu, Mama Kiprono."

"Langu pia limeanza. Nitoe kwa mkebe. Raundi moja tu. Nimefukuza wale vibarua, nitachuma mwenyewe, lakini nina mikono miwili na mvua haingojei. Ukiniita tena na kukiwa na kasoro, kina Bett watakuwa kwangu na wazee kabla ya chai ya jioni."

"Yakiwa mazuri mkebe hauna neno."

"Hujanijibu," akasema, akaenda.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, ingawa alijifanya anapuliza moto. "Toa hicho kifuniko," akaniambia. "Nani atajua?"

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Hakuna ambaye angejua. Kituo kizima kilikuwa tayari kinaona ajabu kwamba ameitwa mara mbili mfululizo. Nikimwondoa, namba zitasambaa vizuri, watu watasema leo mkebe umepona. Nikimwacha na aitwe tena, hata mtakatifu angesema nimepanga. Yaani uongo ungeniletea heshima na ukweli ungeniletea mawe.

Nilienda kwa Madam Chelang'at. Alikuwa amestaafu, anakaa karibu na Kiptere, na nilitembea njia yote nikijipangia maneno. Nilimkuta ndani ya zizi na ndama aliyekataa dawa.

"Umekuja kuniuliza kama mkebe umerogwa," alisema.

"Hapana, Madam." Halafu nikaona hakuna faida. "Kidogo."

"Una wakulima wangapi? Na umetikisa huo mkebe kwa misimu mingapi? Kwa watu wengi na siku nyingi hivyo, lazima mmoja aitwe mfululizo. Angeitwa mwingine mara mbili, mwenye bwana na mashemeji wapole, ungekuja hapa?"

"Nisingekuja."

"Basi si mkebe unaokusumbua."

"Sasa nifanye nini?"

"Mshike huyu ndama kichwa," akasema. Nikamshika. Hilo ndilo jibu nililorudi nalo, pamoja na mate ya ndama kwa mkono mzima wa shati.

Asubuhi ya raundi ya tatu nilimwaga vifuniko kitandani, nikatafuta chake, nikakitia mfukoni mwa koti. Nawaambia hivi kwa sababu siku moja na ninyi mtakuwa na kitu mfukoni. Nilitembea mpaka kituoni nikikigusa kila hatua. Kilikuwa na makali upande mmoja, nikakigusa mpaka kidole kikauma.

Kituoni watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Wengine hawakuwa na majani hata kidogo, walikuja tu. Ubishi ulikuwa umeshika moto.

"Leo hawezi kuitwa," mmoja alisema. "Ameshaitwa mara mbili. Zamu yake imeisha."

"Wewe hujui," mwingine akajibu. "Bahati mbaya ikishakuzoea inakuja bila kubisha hodi. Leo ni yeye wa kwanza."

Bett Mkubwa alikuwa amevaa koti la Jumapili. Mama Kiprono aliweka gunia lake chini, akanitazama mara moja tu, kwa utulivu. Nikasema moyoni, anajua nimemtoa. Nikajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja.

Halafu nikaitazama ile foleni. Sijui kama ninyi mmewahi kuitazama vizuri. Kulikuwa na mama mwingine mjane huko nyuma, ambaye si jirani yangu. Kulikuwa na mzee mwenye mtoto mgonjwa. Nikimtoa mmoja kwa huruma, kuna mwingine ataitwa mahali pake, na huyo hatajua kwamba nimemchagua mimi. Nitakuwa nimerudi kule kule kwa kutazama mawingu na kusema saba. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu vilikuwa gambuti. Nikakirudisha kifuniko ndani ya mkebe.

Nikatikisa mpaka Makori akaniambia inatosha. Nikatoa cha kwanza, si yeye. Cha pili, si yeye. Cha tatu nilikisoma, nikakisoma tena, nikatamani nisijue kusoma.

Nilipotamka namba yake hakuna aliyecheka. Hata Bett Mkubwa alishtuka kwanza, kabla ya kufurahi.

Mama Kiprono alibeba gunia mwenyewe mpaka mezani, akalimwaga kabla sijamwambia. Makori alisogea kunikinga na watu. Nikachukua konzi ya juu. Safi. Lakini juu huwa safi kwa kila mtu, mtaona. Nikaingiza mkono mpaka chini kabisa ya rundo, ambapo vijiti hujificha. Majani mawili na chipukizi. Upande wa pili, majani mawili na chipukizi. Nikageuza rundo lote, nikatafuta kwa bidii kama mtu anayetaka kukuta kasoro, na nadhani wengine walidhani nataka. Nilipata vijiti vichache na majani magumu ya kuhesabika. Nimekagua majani maisha yangu yote. Sijakagua gunia kama lile.

"Peleka kwa mizani," nikasema.

Bett Mkubwa alisimama kidogo, akasema jua limekuwa kali, akaondoka na koti lake la Jumapili. Kulikuwa na mawingu. Neno la shamba kurudi kwa ukoo halikusikika tena msimu ule, na msimu uliofuata wazee wenyewe walisema lisisemwe. Na kuhusu mkebe, waliokuwa wakisema nimenunuliwa waliacha. Waliona ukimwita mtu mara tatu, na mara ya tatu ukimpitisha mbele ya adui zake. Mpaka nastaafu hakuna aliyeniomba tena nirudi kwa saba.

Tumbo langu halikupona, lakini lilinyamaza kidogo. Niliendelea kutikisa mpaka tableti zilipokuja, na hata sasa asubuhi naamka nikiwa na hofu, halafu nakumbuka sina pa kwenda, jambo ambalo nimelitamani tangu niajiriwe. Nakaa kwa kiti changu karibu na ua naandika. Juzi nilimwita Mama Kiprono nikamsomea sehemu inayomhusu, pamoja na habari ya kifuniko mfukoni, ambayo hakuwahi kuisikia. Nilisoma taratibu, nikimalizia na jinsi mkebe ulivyomtetea mbele ya watu wote. Nilitazamia anishukuru kidogo, hata kama ni kwa "kongoi" moja tu. Alikuwa anachambua maharagwe kwa ungo, na hakuacha.

"Rotich," alisema, "yale majani niliyachuma moja moja na vidole vimepasuka, kwa sababu nilijua wewe ni mwoga na hutanitoa. Mkebe wako haukuchuma hata jani moja. Na ng'ombe wako yuko kwa mahindi yangu."